Mia Nane na Mbili

Juzi kwenye kundi letu la simu, lile la ukoo, mtu kaweka picha ya matokeo ya mwanawe. Mimi nilidhani KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilipofanywa mara ya mwisho 2023 na zile alama zilizohesabiwa katika 500 zikaenda nayo, tungepumzika. Wapi! Pongezi hazijakauka, mama mmoja akamtaja mwanawe mwenyewe, kijana ambaye naye yumo humo humo kundini, akamwandikia mbele ya kadamnasi: "Mwone mwenzio." Watu wakanyamaza. Baada ya muda tukaona kijana katoka kundini.

Mimi nimelelewa na maneno hayo. Aliyenilea nayo ni nyanya yangu. Hakuwahi kunichapa hata siku moja. Hakuwa na haja ya bakora, alikuwa na mtoto wa shangazi.

Mtoto wa shangazi aliacha shule kidato cha pili. Mimi nilipomaliza cha nne na cheti changu kizuri ndani ya bahasha ya kaki, yeye alikuwa keshakuwa mtu. Alikuwa anakimwaga Kitaliano alichokiokota ufuoni, na Malindi ukijua Kitaliano hulali njaa. Hawa Waitaliano wetu, kwa wasiojua, walitangulizwa na roketi. Kituo chao cha San Marco kule Ngomeni kilirusha setilaiti ya kwanza 1967, na ile iliyopewa jina la Uhuru ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku yenyewe ya sikukuu. Waliowafuata hawakuwa na habari na anga, walitaka bahari na jua, na baadaye piza. Mji ukajaa vibao vya Kitaliano, na vijana wa rika letu wakasoma vibao kabla ya vitabu.

Karo ya chuo haikupatikana. Barua ya kuniita ilikuja, ikakaa juu ya kabati, muda wake ukapita. Nyanya akipepeta mchele ananitazama juu ya ungo: "Mwone mwenzio. Hana cheti, na unga wa nyumba hii anauleta yeye. Wewe hicho chako kinatiwa chumvi kikaliwa?"

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli. Mtoto wa shangazi alikuwa akileta unga, akileta na sukari, na hakuwa na maringo. Ni yeye aliyenichukua akanipeleka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, kwa waongoza watalii wa pale getini, akanidhamini. Ni yeye aliyenifundisha sentensi za mwanzo za Kitaliano, jioni barazani, huku nikimchukia kimya kimya. Kumchukia mtu anayekusaidia ni kazi ngumu, lakini niliimudu.

Nikajiandaa vilivyo. Nilijua msikiti mkuu, nilijua kasri, nilijua kwamba nyumba za pale zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Na kwa ajili ya wageni wangu nilikuwa nimeiweka akiba Nyumba ya Ushanga wa Venice. Nilishapanga nitasimama wapi, nitanyamaza kidogo wapi, kisha niwaambie kwamba ushanga wa kwao ulifika msituni kwetu karne nyingi kabla yao. Nilijifanyia mazoezi ya hiyo sentensi mpaka dada yangu mdogo akaishika.

Sikufika kwenye ushanga.

Kaburi lenye tarehe liko karibu na mwanzo wa ziara. Ni kaburi la mawe, na kwenye lipu yake mtu wa zamani alichora mwaka kwa Kiarabu, 802. Nikaeleza vizuri, mkono wangu ukifuata maandishi bila kuyagusa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa kalenda yenu. Kikundi kikaitikia kwa vichwa. Nikageuka niendelee na njia.

Mzee mmoja hakugeuka. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto lile, na mfuko wa kifuani una kalamu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, Hijria inaanza mwaka gani. Nikamjibu 622, hilo nalijua usingizini. Akatoa kalamu. Hakuwa na karatasi, akakunjua kiganja cha kushoto akaandika juu yake polepole 622, chini yake 802, akapiga mstari, na chini ya mstari 1424. Akaniletea kiganja mbele ya macho.

Mpaka leo nakiona kile kiganja. Wino ulikuwa unatambaa kwenye mistari ya ngozi kwa ajili ya jasho, ile 4 ya mwisho imeanza kuota mikia. Juu ya ukuta kima mmoja alikuwa anamenya kitu, maganda yanamwangukia mama aliyesimama chini, na mama hana habari, ananitazama mimi. Wote wananitazama mimi. Mtoto wa chuo cha Kurani, niliyekuwa nikiitaja miezi kuanzia Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani bila kuvuta pumzi, sina neno. Nikarudia "1399", kwa sauti kubwa zaidi, utadhani shida ya yule mzee ilikuwa masikio.

Akatikisa kichwa, akagonga ile 1424 kwa ncha ya kalamu. Na hii 25 imekwenda wapi?

Mtoto wa shangazi alikuwa nyuma, kabeba chupa za maji za kikundi kingine. Akasogea, akakitazama kiganja kwa makini ya daktari, akasema kwa Kitaliano chake cha ufuoni kwamba miaka hiyo 25 kaichukua mwenye kiwanja, kodi ya kaburi. Wakacheka. Wakacheka kicheko cha watu waliokuwa wakingoja ruhusa, hata dereva aliyekuja kuwahimiza akacheka bila kujua wanacheka nini. Na mtoto wa shangazi, bila kunisukuma, akawa keshatangulia mbele na kikundi kinamfuata. Ushanga wa Venice akawaeleza yeye. Nilisikia makofi nikiwa bado pale kaburini.

Lakini niliona kitu kimoja ambacho yeye hakukiona. Yule mzee alicheka na wenzake, akafunga kalamu, akaenda hatua chache, kisha akakifungua tena kiganja akakitazama. Hakuridhika. Alitaka jibu, akapewa mzaha.

Kwenye matatu ya kurudi mjini mtoto wa shangazi alitoa noti ya euro ishirini ya bakshishi, akasema nusu yangu. Nikamwambia sitaki, kwa sauti iliyomfanya makanga ageuke. Jioni kisa kilikuwa kimeshafika jikoni, na nyanya akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso: "Mwone mwenzio, hata maiti anawatoza kodi!"

Sikulala. Watu wakiandika mambo haya huandika kwamba pale pale waliamua kubadilisha maisha yao. Mimi niliamua kwamba yule mzee lazima arudi, aniulize tena, na mtoto wa shangazi awe amesimama pale pale na chupa zake. Ilikuwa kisasi tu, wala sikukipamba.

Kesho yake baada ya alasiri nikaenda kwa ustadhi wetu wa chuo cha Kurani. Hakunijibu moja kwa moja, aliniuliza Ramadhani ya nilipoanza kufunga ilikuwa msimu wa kaskazi au wa kusi, na ya mwaka ule iliangukia wapi. Basi. Nikahisi uso unapata moto. Mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365, kila mwaka unapungua kama siku 11, ndiyo maana mfungo unatuhama. Kitu nilichokuwa nakiishi kwa njaa na kiu tangu utoto kilinikimbia mbele ya kiganja cha mgeni.

Nikakaa chini na kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe mbili mbili. Mwaka wa 802 ulikuwa ndio kwanza unaingia, kwa hiyo miaka iliyotimia ni 801. Mara siku 11, zinapatikana siku 8,811. Gawa kwa 365, miaka 24 na ushee. Halafu 622 na 801 ni 1423. Toa 24.

1399.

Nilipiga kelele, nyanya akauliza kama kuna nyoka.

Basi nikarudi Gede na jibu langu, nikalingoja swali. Siku zikaenda, msimu ukaenda. Hakuna aliyeuliza. Wageni walikuja wakaitikia kwa vichwa kama wale wa kwanza, 802, 1399, sawa, na kima wako wapi? Ulikuwa uonevu wa aina yake. Mwishowe nikaamua kuwauliza mimi. Namsimamisha mgeni mbele ya kaburi, namwambia jumlisha. Wanatoa simu, wanabishana mume na mke, watoto ndio wanaopata mapema. Pale getini wenzangu wakaniita Mia Nane na Mbili. Yaliyobaki yakafuata yenyewe: nikataka kujua Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale 1948, alikuta nini, nikataka kujua kwa nini wenyeji waliuhama mji mwanzoni mwa karne ya 17, kama ni visima au vita au vyote. Karo niliyoikosa nikaja kuilipa mwenyewe. Mwaka 2024 UNESCO ilipoitia Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia watu walinipigia simu kunipongeza, nikapokea pongezi kana kwamba kuta nilijenga mimi.

Kwa hiyo ningeweza kuishia hapo, nimshukuru nyanya, Mungu amrehemu, na ulimi wake. Kinachonizuia ni Machi 2020. Ndege za kimataifa zilizuiwa, hoteli zikafunga, na sote tuliokula kwa wageni tukarudi kukaa barazani. Mtoto wa shangazi alikuwa akija jioni na barakoa kidevuni, tunakula viazi karai, hatuna la kufanya. Siku moja akaniuliza kama najua kwa nini aliacha shule.

Nikasema pesa. Akacheka. Pesa zilikuwapo, baba yake alikuwa hai wakati ule. Akasema kila Ijumaa nyanya akija kwao alikuja na habari zangu. Mwone mwenzio, namba moja tena. Mwone mwenzio, mwalimu kamsifu. "Mimi nilikuwa wa kumi na tatu, dada. Kumi na tatu si mbaya." Akapangusa vidole vyake ukwaju. "Nikaona heri niende mahali ambapo wewe hupo."

Mahali pale ndipo ufuoni.

Nimeligeuza hilo mara nyingi. Kitaliano chake kilitokana na kunikimbia mimi, hesabu yangu ikatokana na kumkimbiza yeye, na mtu akitutazama sasa atasema nyanya alijua alichokifanya. Labda. Ila tulikuwa watatu mle ndani. Dada yangu mdogo alisomewa majina yetu yote mawili, asubuhi langu, jioni la mtoto wa shangazi, na yeye hakuokota Kitaliano wala hesabu. Alinyamaza tu. Hata leo ukimwuliza chai au kahawa atakuambia chochote.

Siku ile barazani nilijaribu kumweleza mtoto wa shangazi ile hesabu ya kaburi, maana kumbe miaka yote hiyo hakuwahi kuijua, amekuwa akiwapa wageni kodi ya mwenye kiwanja mpaka mwisho. Akanizuia kwenye 8,811, akasema yake inalipa zaidi. Nikamwambia basi nipe nusu yangu ya ile noti.

"Uliikataa mbele ya makanga," akasema, akachukua kiazi cha mwisho. "Shahidi yupo."