Nilivyopiga hesabu ya lini nitahamia kiti cha kushoto

Waswahili husema kutangulia si kufika. Ndani ya shirika kubwa la ndege la Marekani ni kinyume chake: aliyetangulia kuajiriwa, hata kwa siku moja, ndiye anayefika. Namba ya ukongwe unayopewa ukianza kazi ndiyo inayoamua kituo chako, aina ya ndege, ukapteni au usaidizi, ratiba ya mwezi, na kama Krismasi utaila nyumbani. Urubani wako uwe mzuri kiasi gani, hauongezi kitu. Namba husogea pale tu aliye juu yako anapotoka, na mlango mkubwa wa kutokea ni kutimiza miaka 65.

Mimi ni rubani msaidizi kwenye ndege za kijia kimoja, nakaa kulia; kiti cha kushoto ni cha kapteni. Maneno ya chumba cha mapumziko ("wazee wote wanaondoka, miaka mitatu tu utakuwa kapteni") sikuyaamini, nikachukua orodha ya ukongwe nikaiingiza kwenye Excel.

Safu A ni namba ya ukongwe, B tarehe ya kuzaliwa, D kituo, E ndege, F kiti. Safu C ni siku ya mwisho ya kuruka kisheria: =EDATE(B2,780)-1. Miezi 780 ndiyo miaka 65, na moja inatolewa kwa sababu siku ya kuzaliwa yenyewe huruhusiwi tena kukaa kwenye kiti. Kisha namba yangu nikaiweka H1, tarehe ninayoiulizia H2, na jibu, yaani wangapi walio juu yangu watakuwa wametoka, likatoka hapa: =COUNTIFS(A:A,"<"&H1,C:C,"<"&H2). Nilirudia kwa 1 Januari ya kila mwaka, hadi mwaka wangu mwenyewe wa kustaafu.

Kosa la kwanza linajificha kwenye tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa kwetu ikikutana na 04/07/1963 husoma 4 Julai badala ya 7 Aprili, na ikikutana na 04/25/1963 inashindwa kabisa, inaiacha kama maandishi. Mtu huyo anakuwa na kosa kwenye safu C, na COUNTIFS inampita kimya kimya bila kukuambia. Linganisha =COUNT(A:A) na =COUNT(B:B). Zisipolingana, kuna watu wamepotea. Zikilingana bado usishangilie: chukua watu kumi ambao siku ya kuzaliwa haizidi tarehe 12, uwakague mmoja mmoja.

Kosa la pili ni la fikra. Wengi huhesabu wastaafu wote wa shirika. Aliye chini yangu akistaafu, namba yangu haitikisiki, na wapo wengi wa namna hiyo, walioajiriwa wakiwa na miaka 50 na kitu baada ya jeshi au mashirika madogo. Wanaonihusu ni walio juu tu.

Halafu namba peke yake hudanganya. Tuchukue mfano: wewe ni wa 3,400 kati ya marubani 4,000, yaani uko kwenye asilimia 85. Wastaafu 600 walio juu yako, na shirika liajiri 600 wengine: sasa u wa 2,800 kati ya 4,000, asilimia 70. Hapo maisha yamebadilika kweli. Lakini wakistaafu hao hao 600 na shirika lisiajiri mtu, u wa 2,800 kati ya 3,400, asilimia 82. Watu 600 wameondoka, nawe umesogea hatua tatu tu kutoka mkiani. Kustaafu kunakupandisha pale nafasi inapojazwa na mtu wa chini yako. Kwa hiyo kila mwaka nina mistari miwili, mmoja wa "wote wamezibwa" na mmoja wa "hakuna aliyezibwa", na mipango ya pesa naifanya katikati, nikiegemea ule mbaya.

Kiti cha kushoto hakipatikani kwa asilimia pia. Kinapatikana kwa matokeo ya maombi ya nafasi. Kila matokeo yakitoka, natafuta kapteni mwenye ukongwe mdogo kuliko wote kwa kila kituo na kila ndege, naandika namba yake na tarehe. Huyo ndiye mlango. Utashangaa: kituo kisichopendwa kinaweza kumpa ukapteni mtu wa asilimia 80, wakati kituo ambacho kila mtu ana nyumba kinadai asilimia 45. Wasaidizi wengi wenye ukongwe hawaombi kabisa, wanalinda ratiba zao, na hilo huwezi kuliona kwenye tarehe za kuzaliwa. Matokeo matatu mfululizo yanaonyesha mwelekeo. Moja halionyeshi kitu.

Kati ya kupewa nafasi na kuikalia kuna foleni ya simuleta, mashine ya kufanyia mazoezi ya urubani. Kapteni mmoja wa ndege kubwa ya vijia viwili akistaafu, nafasi yake inachukuliwa na kapteni wa ndege ndogo zaidi, yake na mwingine, mpaka chini kabisa anaajiriwa mpya. Mtu mmoja ameondoka, watu wanne au watano wanahitaji mafunzo. Wastaafu wakija kwa wingi mwaka mmoja, kinachokwama ni walimu na simuleta. Soma pia kifungo cha kiti kwenye mkataba: ukishafunzwa ndege mpya, mara nyingi hutahama kwa muda uliowekwa humo. Ukiomba ndege kubwa kama msaidizi miezi sita kabla mlango wa ukapteni haujakufikia, umejifungia nje mwenyewe.

Kwa ndugu wanaotoka Nairobi, Dar au Ghuba na saa nyingi za ukapteni, hapa sheria ni ngumu. Ili uwe kapteni wa shirika la ndege chini ya kanuni ya 121.436 ya mamlaka ya anga ya Marekani, unahitaji saa 1,000, hasa za usaidizi kwenye mashirika ya Marekani yanayoruka chini ya Part 121, sehemu ya kanuni hizo inayohusu mashirika ya ndege. Ukapteni wa shirika la nje hauingii kwenye hesabu hiyo, na ukongwe wako wa kule unaishia uwanja wa ndege ulikopandia.

Sasa sheria ya umri, ambayo inaweza kulivuruga jedwali lote kwa usiku mmoja. Hilo limeshatokea. Tarehe 13 Desemba 2007 umri ulipanda kutoka 60 hadi 65, na kwa miaka mitano iliyofuata kustaafu kwa umri karibu kulisimama, huku uchumi ukianguka. Waliokuwa wasaidizi wakati huo walibaki palepale. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi lilipitisha 67, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ikabakiza 65. Nimeweka safu ya ziada yenye 804 badala ya 780 ili nione hasara mapema. Na hesabu hiyo si ya kuchelewa miaka miwili tu. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaweka kikomo cha 65 kwa safari za kimataifa, kwa hiyo kapteni wa miaka 66 asingeweza kubaki kwenye ndege ya Ulaya au Asia. Angeshuka na ukongwe wake wote kwenye ndege za ndani, na kumsukuma kapteni aliyepo.

Msukumo huo huo huja ndege zikiondolewa. Mwaka 2020 shirika la Delta lilistaafisha ndege zake zote za Boeing 777, na marubani wa aina hiyo walilazimika kutafuta viti kwingine. Mwaka ule mashirika yalitoa pia vifurushi vya kustaafu mapema. Walioondoka walikuwa wa kustaafu miaka ya mbele, kwa hiyo orodha ya zamani isiyofuta majina yao inahesabu watu waliokwisha kwenda. Pakua orodha mpya kila inapotoka.

Wanaotoka kabla ya 65 kwa sababu ya afya siwahesabu. Wapo, kwa maana kuanzia miaka 40 cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapimwa upya kila miezi sita, na si kila mtu hupita. Wakitoka, ni faida juu ya hesabu.

Safu ya mwisho kabisa ni nafasi yangu ndani ya makapteni wa kituo, maana ukishapanda unaanza mkiani tena. Kapteni wa asilimia 98 anakaa stendibai, simu mkononi, wikendi na sikukuu. Nimeweka alama kwenye mwaka ambao hesabu mbaya inanifikisha asilimia 85 ya makapteni wa kituo changu. Nafasi ikifunguka kabla ya hapo, nasoma kwanza kifungu cha stendibai: saa za chini zinazolipwa kwa mwezi, na dakika ngapi unapewa kufika uwanjani ukipigiwa.