Chirimoya ya Siku Nitakayorudi

Wiki hii mkataba wangu wa kazi umeongezwa muda na kaka amerejea salama kutoka Mwanza, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno ya yule mama wa soko la Rodríguez, jijini La Paz.

Yamenirudia tangu binamu aliponiomba nimwandikie mambo ya kuzingatia katika safari yake ya Bolivia. Nilianza na ya lazima. Uwanja wa ndege uko El Alto, mji jirani na La Paz, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ya kwanza atembee polepole, ale chakula chepesi, na akikaribishwa chai ya majani ya koka ainywe bila hofu, kwani huko ni halali na ni kinywaji cha kila siku. Ila asithubutu kuyafungasha majani hayo katika mzigo wa kurudi nyumbani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano asikisahau. Noti zake za dola ziwe safi, maana iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Akiona mtu anamwaga matone ya kinywaji chini kabla ya kunywa, ajue anampa Pachamama, mama ardhi, sehemu yake, naye anyamaze kwa heshima.

Nilipofika kwenye adabu za sokoni, nilishindwa kuendelea. Huko bei haiulizwi kabla ya salamu. Muuzaji na mteja wake huitana caserita, na ukinunua kwake mara kadhaa anakuhesabu kuwa wake. Humkabi kwa bei, bali unaomba nyongeza, ile waiitayo yapa, naye anakuongezea kwa moyo mweupe. Mama yule alikuwa akiuza chirimoya, tunda la jamii ya tomoko, na asubuhi zote nilizokaa La Paz nilinunua kwake.

"Kesho utakuja, caserita?"

"Kesho ninaondoka, mama. Kwetu ni mbali, ng'ambo ya bahari."

"Basi nitakuwekea ya siku utakayorudi."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Aliniongezea tunda moja, akamgeukia mteja mwingine. Nimejaribu kujiambia kwamba ni maneno ya biashara tu, lakini alikuwa amekwisha kulipwa, na mtu anayeondoka hana cha kumfaidia muuzaji. Ninaamini alimaanisha. Ndiyo maana linaniuma, kwa sababu mshahara wangu na ada za wadogo zangu haviniruhusu kurudi karibuni, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo.

Hata hivyo, jana nilipokuwa nikimalizia barua ya binamu, moyo ulinifunguka ghafla, kwa kuwa yeye atafika pale pale. Nimemwelekeza aende asubuhi, asalimie kwanza, asitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa, kwani wanawake wa soko hilo hawapendi kupigwa picha kama vivutio vya watalii, kisha anunue kwa mama yule na kumpa salamu zangu. Nilicheka peke yangu mezani kwa furaha.

Ila upasuaji wa mtoto wa jicho wa mama yangu mzazi umepangwa wiki ileile binamu atakapokuwa safarini, na binamu ndiye mwenye gari, na hospitali bado haijatujibu kuhusu kusogeza tarehe.