LNB imepinda, au mbingu?

Novemba 2020, mvua za vuli zilipiga Sinza usiku kucha, na asubuhi king'amuzi kikagoma. Siku nyingine ningevumilia. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, na tamthilia yake haingoji mtu.

Fundi akapanda juu ya bati, nami nikamfuata na simu yangu. Tangu usiku nilikuwa nasoma matokeo ya wanafizikia Yuto Minami na Eiichiro Komatsu. Walikuwa wamechambua upya data za Planck, chombo cha angani, za nuru kongwe kuliko zote, iliyoachiwa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 hivi. Nuru hiyo ina polaraizesheni, yaani mawimbi yake yana upande yanaotikisikia. Wao wakasema upande huo umezunguka nyuzi 0.35 njiani. Mshale wa dakika husogea hivyo kwa sekunde tatu na nusu tu! Ila ikiwa kweli, huko angani kuna kitu kinachobagua kulia na kushoto. Tangu jaribio la mwanafizikia Chien-Shiung Wu, mwaka 1957, tunajua nguvu dhaifu ya nyuklia, mojawapo ya nguvu za asili, hubagua. Nuru ikisafiri zake angani? Hilo darasani sijawahi kulifundisha.

"Ticha, sogea, unanikingia."

Alikuwa amelegeza nati ya LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi, anaizungusha kidogokidogo shingoni. Dishi letu lilitazama karibu utosini, maji ya mvua bado yametuama ndani yake. LNB ikikaa upande, mawimbi ya wima na ya mlalo yanaingiliana, picha inakatika. Nikaona huyu ndiye wa kumsimulia.

Hakunyanyua kichwa. "Wamejuaje siyo LNB yao iliyopinda?"

Nikacheka. Swali hilohilo ndilo lililokuwa limewakwamisha watu wa Planck: upande wa vipokezi vyao wenyewe ulikuwa na shaka ya nyuzi 0.28 hivi. Nikamweleza kuhusu vumbi la Galaksi yetu. Nuru yake inatoka karibu, haina safari ya kuizungusha. Ikionekana imepinda, kilichopinda ni kifaa. Unakitoa hicho, kinachobaki ni cha mbinguni.

"Aa, wameulizia kwa jirani."

Ndivyo alivyoanza na yeye alipofika getini: kwa jirani picha ipo?

"Ila bado wana shaka ya nyuzi 0.14," nikasema. "Huwezi kuapia."

"Na huko chini wamemweka nani wa kuwaambia picha imekuja?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akapaza sauti sebuleni: "Hapohapo! Msiguse!"

Fundi akakaza nati.