Nilivyojifunza kumnyoa baba kwa fundi wa Ngamiani

Baba alipata kiharusi mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani. Upande wa kushoto ukapooza, mdomo ukaenda upande, maneno yakabaki mawili matatu. Nyumbani tulijifunza mengi kwa haraka: kumgeuza kitandani, kumlisha uji asipaliwe, kumnyoosha vidole kila asubuhi. Kilichonishinda mimi ni ndevu.

Baba si mtu wa kuonekana ovyo. Tangu nipate akili, kila Alhamisi baada ya Alasiri alipanda baiskeli yake akaenda kwa kinyozi wake Ngamiani, hapa Tanga, akarudi mashavu na shingo vimenyolewa, sharubu zimepunguzwa, kidevuni zimebaki ndevu chache zilizokaa mstari. Ijumaa yake ilianzia pale. Sasa alikuwa amelala wiki ya tatu, uso umefunikwa na mvi zilizosimama kila upande, na wageni wakiingia kumjulia hali alivuta shuka kwa mkono mzima akajifunika hadi puani. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Niliumia kuliko nilivyoumia siku ile alipoanguka.

Nikaazima mashine ya umeme. Ilimvuta ngozi ya shavu lililolegea, na siku ya pili vipele vikajaa shingoni. Nikanunua nyembe za kutupa. Hapo nikamkata chini ya taya, kidogo tu, lakini damu ilichukua muda mrefu kukata, kwa kuwa alikuwa akitumia aspirini kila siku na dawa hiyo huchelewesha damu kuganda. Nilishika kitambaa pale shingoni mikono ikinitetemeka, naye ananitazama tu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi.

Kibanda chake ni kilekile nilichopelekwa nikiwa mtoto. Mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, benchi moja ukutani, kioo kirefu kilichoanza kula madoa pembeni, kiti kizito chenye pa kuegemeza kichwa. Juu ya kabati bado upo ule ubao aliokuwa akiulaza juu ya mikono ya kiti ili watoto wafike kwenye kioo. Nilipouona ubao ule nilisikia tena mashine ya mkono ikikwaruza kisogoni na harufu ya poda. Redio ipo, sauti chini. Benchini wazee wawili wanabishana juu ya timu zetu za mpira, Coastal Union na African Sports, ubishi ambao Tanga haujapata kwisha, na hakuna kati yao aliyekuja kunyoa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Yakhe hajambo?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimekwenda kumwomba aje nyumbani, kama alivyokuwa akiitwa zamani kunyoa watoto siku ya saba. Akanionyesha magoti yake, yamevimba, hawezi tena kutembea mbali. Akafikiri kidogo. "Kaa pale benchini," akasema. "Utamnyoa wewe."

Nilikaa Jumamosi tatu. Katika Jumamosi ile ya kwanza hakunifundisha kitu kwa mdomo, nilitazama tu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba hakuwahi kuhamia saluni zenye viyoyozi na muziki mkubwa. Vijana wa kule wana mikono myepesi na mistari yao imenyooka, sina la kuwalaumu. Lakini fundi huyu alikuwa anamshika mtu. Anaweka kiganja kwenye paji la uso kabla ya jambo lolote, anakiacha hapo mpaka shingo ya mteja ilegee. Ndipo anamwaga maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, analoweka taulo dogo, analikamua, anamfunika nalo uso. Anaacha. Anaongea habari za bei ya dagaa. Analoweka tena.

"Unalijua lile neno la mwenzako akinyolewa?" akaniuliza Jumamosi ya pili.

"Zako tia maji."

"Watu wanalitumia kama onyo tu. Sisi ndiyo kazi yetu. Nywele kavu ni kama waya, wembe unaipiga, ngozi inaumia. Ikinywa maji inakuwa laini. Wewe ulimtia baba yako maji?"

Nilikuwa nimempaka povu juu juu tu na kuanza. Sikuwa na jibu.

Mengine aliyonipa yalikuwa ya mikono. Sabuni huzungushwa kwa brashi bakulini hadi povu liwe zito, kisha brashi huzungushwa usoni ili ndevu zisimame. Ngozi hunyooshwa kwa vidole vya mkono wa pili. Wembe hulazwa, usisimame. Ukisimama unakwangua, ukilala kupita kiasi hauli. Vipigo vifupi. Na hapa alinishika mkono kabisa: fuata nywele zinakoelekea, usizirudie kinyume kwa kutaka ulaini. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata kinyume ncha hubaki chini ya ngozi, ikiota hujipinda na kuichoma ngozi ileile. Hivyo ndivyo vile vipele vya shingoni kwa baba.

Ukutani umetundikwa wembe wake wa zamani wa kukunja, na mkanda wa ngozi aliokuwa akiunolea. Hautumii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata watu walipoanza kuogopa wembe wa kushirikiana, vinyozi wengi walipoteza wateja. Yeye alibadili. Tangu wakati huo huchukua wembe mpya mbele ya macho yako, anaukunja ungali ndani ya karatasi yake hadi uvunjike vipande viwili, anatia kimoja kwenye kishikio. Ukiinuka kitini kipande kile kinaingia kwenye kopo. Alinifundisha na mimi kuuvunja, mara kumi, mpaka vidole vikaacha woga.

Mazoezi yalianzia kwenye puto lililopakwa povu. Nilipasua matano. Kisha mkono wangu mwenyewe. Jumamosi ya tatu jioni, wateja wameisha, akaketi kwenye kiti chake akajifunga shuka shingoni.

"Kinyozi hajinyoi," akasema. "Anza hapa chini ya sikio."

Sijawahi kupewa imani nzito namna ile na mtu asiye ndugu yangu. Alifumba macho. Nilimnyoa shavu zima, na alipotaka kuniongoza hakusema, alijaza tu hewa shavuni au akainua kidevu. Mwisho akachukua kipande cha shabu, lile jiwe la kupaka baada ya kunyoa, akakilowesha, akajipitisha usoni. Panapowasha, akaniambia, ndipo ulipokosea. Palimwasha mahali pawili.

Alinipa kipande kile cha shabu nikampelekee yakhe. Pesa alikataa.

Alhamisi iliyofuata, baada ya Alasiri, nilimkalisha baba kitini karibu na dirisha, mito miwili upande wa kushoto. Nikaweka kiganja kwenye paji lake la uso nikangoja. Shingo ikalegea. Taulo la kwanza, taulo la pili. Shavu la kulia lilikuwa rahisi. La kushoto, ambalo haliwezi kujazwa hewa, nililivuta kwa kidole gumba kuelekea sikioni mpaka likanyooka, kama nilivyoonyeshwa, nikaenda polepole sana. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna tone la damu.

Nilipomaliza nikamshikia kioo. Alijitazama kwa muda. Akapeleka mkono wake wa kulia shavuni, akashuka nao hadi shingoni, akipapasa taratibu, jinsi alivyokuwa akifanya kwa fundi kabla ya kuinuka. Chini ya sikio la kushoto kidole kikasimama. Akanitazama, akapagonga mara mbili.

Zilikuwa zimebaki nywele tatu. Nikachovya taulo.