Madoa Yaliyopauka

Leo ni wiki ya sita tangu nitoke kwa mara ya mwisho katika kibanda cha taa za tiba hapa Leeds, Uingereza, na asubuhi, nilipokuwa nikijipaka mafuta, nilisimama muda mrefu mbele ya kioo nikiutazama mkono wangu wa kushoto. Ngozi imekuwa nyeusi kuliko nilivyowahi kuwa hata nilipokuwa nikishinda ufukweni Tanga utotoni, isipokuwa kiwikoni na chini yake, ambako palikuwa na magamba ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kwa miaka tisa. Hapo pamebaki madoa yaliyopauka, yenye umbo lile lile la mabaka ya zamani, lakini nikipitisha kidole sioni ukingo wala ukavu wowote.

Nilitibiwa kwa miale ya urujuanimno (ultraviolet) ya nanomita 311, mara tatu kwa wiki, mara 28 kwa jumla. Nilikuwa nikisimama nimezungukwa na taa ndefu, macho yamefunikwa kwa miwani ya kinga na uso kwa ngao, kwa kuwa uso wangu haukuwa na ugonjwa na haikuwapo sababu ya kuuchoma bure. Katika soriasisi, chembe za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mzima kupanda kutoka chini hadi juu hufika kwa siku chache tu, zikiwa bado changa, nazo hurundikana na kuwa magamba; mwanga huo hupunguza kasi hiyo na kuua sehemu ya chembe za kinga zinazoichochea. Ngozi nayo hujitetea kwa kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, na kuwa nene zaidi, ndiyo maana dozi hupandishwa kidogo kidogo: mwanga uliotosha wiki ya kwanza hautoshi wiki ya tano. Weusi huu, kwa hiyo, ni ngozi iliyojikinga. Haukuwa lengo la tiba wala si kipimo cha kupona.

Niliungua mara moja, katika juma la nne. Muuguzi, mama mpole ambaye ninamshukuru hadi leo, alikuwa akinikagua kila mara kabla ya kuwasha taa akitafuta wekundu, na siku hiyo hakuuona, kwa sababu katika ngozi kama yangu wekundu hujificha. Mimi nilikuwa nimekesha mgongo ukiwaka moto, shuka likiniuma, na sikusema kwa kuogopa kwamba tiba ingesimamishwa. Nilikosea sana kunyamaza, kwani ngozi yenye soriasisi ikijeruhiwa huweza kuotesha mabaka mapya palepale ilipojeruhiwa. Nilipomweleza tulipumzika, kisha dozi ikashushwa, na tangu siku hiyo aliacha kutegemea macho peke yake, akawa ananiuliza kwanza: usiku ulihisi joto? Nguo ilikuuma? Ninamwomba kila mwenye ngozi nyeusi anayeanza tiba hii aseme hata kabla hajaulizwa.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuja baadaye, kwa simu. Nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kwenye kioo cha simu na kuuliza, "Mwanangu, mbona umeungua hivyo, na hayo madoa ni nini tena?" Alinieleza kwa mapenzi, najua ni mapenzi, kwamba yupo mtu Tanga anayechanganya mkorogo mzuri ambao ungenirudishia rangi yangu na kuyafanya yote yawe sawasawa. Nilimjibu kwa upole kwamba siwezi. Mikorogo mingi ina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe, na mwenye soriasisi akizitumia mwili mzima kisha akaziacha ghafla, ugonjwa huweza kurudi mkali kuliko ulivyoondoka. Mingine ina zebaki, ambayo hudhuru figo. Sikuweza kumweleza vizuri jambo la pili, nalo ndilo zito kwangu: madoa anayoyaonea huruma ndiyo sehemu zilizopona. Uvimbe ulipotulia ulipaacha bila rangi ya kutosha, na ngozi iliyouzunguka ilipokolea, tofauti ikazidi kuonekana.

Sasa kazi yangu ni ndogo na ya kila siku. Ninaoga kwa maji ya uvuguvugu, kisha ninapaka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mwanga umeniachia ukavu unaowasha. Ninatunza pia kadi inayoonyesha idadi ya mara nilizoingia kwenye taa, kwa sababu miale hii hujumlishwa maisha yote na hatari ya saratani ya ngozi haisahauliki kwa kuwa tu mtu amependeza.

Weusi wa mabegani umeanza kufifia. Kwenye kiwiko, doa kubwa limeanza kuingia rangi kutoka pembeni, utepe mwembamba wa kahawia ambao wiki iliyopita haukuwapo. Nimeupiga picha, na Jumapili nitamwonyesha shangazi.