Portulaka zangu ziliacha kuoza masika

Masika yalipoanza, portulaka (yale maua mafupi ya kutambaa, yenye majani manene) zilizotandaa mbele ya nyumba zikaanza kulala chini, bua baada ya bua. Niling'oa moja: shina lilikuwa la kahawia, laini, ganda likibambuka mkononi, lakini ncha bado ngumu na zenye vitumba. Hapo nikajua mmea wenyewe hauna ugonjwa wa majani. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiua mizizi. Nikachimba shimo dogo pembeni, nikalijaza maji. Asubuhi yake maji bado yamo. Udongo wa mfinyanzi huo!

Nikainua tuta la kimo cha sentimita 20 hivi: nusu udongo, nusu mchanga wa mtoni na kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni sikuutaka kwa sababu ya chumvi. Zile ncha nzima nikazikata urefu wa kidole, nikanyofoa majani ya chini, nikaziacha kivulini hadi kesho yake kidonda kikauke. Hatua hii watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Kisha nikazichomeka.

Samadi niliweka kiduchu, maana ikizidi unapata majani matupu. Namwagilia pale tu udongo ukikauka kina cha kidole. Tuta linapigwa jua tangu asubuhi, na maua yamerudi: mekundu, manjano, waridi. Siku ya mawingu, maua yakifumba, usihangaike kumwagilia. Portulaka hufunguka kwa jua.