Fundi Aliyepima Kwanza

Gari langu lilikuwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 160,000 lilipoanza kutetemeka kila niliposimama huku injini ikiunguruma. Mtetemo uliisha mara nilipokanyaga mafuta, na mwanzoni ulikuwa mdogo kiasi kwamba abiria hawakuutambua, lakini baada ya muda taa ya injini iliwaka na dalili nyingine ikajitokeza, ambayo ndiyo iliyonisumbua zaidi. Asubuhi gari liliwaka vizuri, ila likizimwa likiwa la moto na kuachwa kwa robo saa, lilikataa kuwaka mpaka nizungushe stata kwa muda mrefu, na hatimaye lilipowaka, eksozi ilitoa moshi wenye harufu kali ya petroli.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinipa jibu kabla boneti haijafunguliwa. Kijana wa mapokezi alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akasema kwamba nozeli, yaani vifaa vinavyopulizia injini mafuta, ni chafu, kisha akanionyesha kopo la dawa ambayo huunganishwa kwenye njia ya mafuta, kisha injini huachwa iungurume kwa dawa hiyo mpaka iishe. Dawa yenyewe siipingi. Kwa gari ambalo nozeli zake zimeanza tu kushika utando husaidia kweli, na hata zile za kumimina kwenye tangi, zikiwa na kemikali ya kusafisha iliyo bora, hufanya kazi ya maana. Kilichoniondoa pale ni jibu alilonipa nilipouliza watajuaje kwamba nozeli ndizo zenye tatizo, na baada ya kazi watajuaje kwamba zimepona. Aliniambia kwamba nitaona mwenyewe gari limekuwa jepesi.

Nikaanza kupiga simu kwenye gereji nyingine, na badala ya kuuliza gharama nikawa nauliza jambo moja tu: kama wanapima nozeli kabla na baada ya kuzisafisha, na kama mteja anaruhusiwa kuona vipimo hivyo. Baadhi walirudi moja kwa moja kwenye gharama. Mmoja alitaka nozeli zote nne zibadilishwe, ilhali hakuwa ameliona gari. Kisha nikampata fundi mmoja mtu mzima ambaye, kabla ya kunijibu, aliniuliza yeye maswali: gari linatetemeka likiwa la baridi au la moto, plagi zilibadilishwa lini, chujio la mafuta lina umri gani, na je, nozeli zangu zinapuliza kwenye manifodi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, au moja kwa moja ndani ya silinda? Swali hilo la mwisho lilinifanya nitulie kumsikiliza. Nozeli za manifodi, kama zangu, hufanya kazi kwa msukumo wa mafuta wa takriban baa 3, wakati zile zinazopuliza ndani ya silinda hupokea msukumo unaoweza kufika baa 200 na zaidi, na huhitaji mashine na vifaa tofauti kabisa. "Hizo za ndani ya silinda sizigusi, mwanangu," alisema, "mashine yangu haikutengenezwa kwa ajili yake." Mtu anayetaja kwa hiari kazi asiyoiweza, tena kwa mteja ambaye bado hajamwona, anastahili kufuatwa.

Nilipofika, hakuanza na nozeli. Aliunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akaniita nisome pamoja naye misimbo ya hitilafu: P0303, maana yake silinda ya 3 haiwaki sawasawa, na P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Akanionyesha pia kwamba kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 17 ili kuziba upungufu huo. Nilidhani ushahidi umekamilika. Yeye akasema, "Sijajua bado kama ni nozeli. Nikizisafisha na kumbe ni koili, utakuwa umelipia usafi wa kitu kizima." Akahamisha koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, pamoja na plagi ya silinda ya 3 kuzipeleka silinda ya 2, akawasha injini, na hitilafu ikabaki palepale kwenye ya 3. Akapima mgandamizo wa silinda zote, nazo zilikaribiana vizuri. Akakagua mipira ya hewa na kiungio cha manifodi ili ajiridhishe kwamba hakuna hewa inayoingia kinyemela. Hapo ndipo alipokubali kufungua nozeli.

Namna alivyozifungua iliniongezea imani. Alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akaacha injini ijizimie yenyewe ili msukumo ulioko kwenye bomba ushuke, akatenganisha waya hasi wa betri, na kizimamoto kilikuwa karibu na mkono wake muda wote. Kila nozeli aliiandika namba ya silinda yake kwa kalamu ya rangi, na matundu yaliyobaki wazi kwenye manifodi akayaziba mara moja, kwa sababu punje ya mchanga ikiingia humo hufika kwenye silinda.

Mashine yake ilikuwa na mirija minne ya kioo yenye alama za mililita, na juu ya kila mrija alifunga nozeli moja. Kwanza alipima ukinzani wa koili za umeme zilizo ndani ya nozeli zenyewe, na zote zilikuwa kati ya omu 13 na 14, kwa hiyo umeme haukuwa na shida. Kusafisha hakuponyi nozeli iliyokufa umeme, na ni afadhali kulijua hilo mapema. Kisha akaziendesha zote kwa muda uleule na msukumo uleule. Nozeli ya kwanza, ya pili na ya nne zilipuliza ukungu mpana, ingawa haukuwa laini. Ya tatu ilitoa mchirizi mmoja mwembamba ulioelekea upande wa kioo na kuteleza chini. Mirija ilipotulia tulisoma 60, 59, 45 na 61, wakati kiwango cha nozeli zile zikiwa nzima kilikuwa 66.

Kuanzia hapo alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi husoma moshi wa silinda zote ukiwa umekwisha kuchanganyika, kwa hiyo kwa sensa hiyo kompyuta haiwezi kujua ni silinda ipi yenye njaa. Hujua wastani tu, na huongeza mafuta kwa zote kwa kiwango kilekile. Tulipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi. Kwa nyongeza ile ya asilimia 17, silinda tatu zilikuwa zinapokea mafuta kupita kiasi kwa karibu asilimia 6, na ile ya tatu ilikuwa bado na upungufu wa asilimia 20. Silinda moja inakosa, nyingine zinamwaga, na kompyuta inaona wastani ulio sawa! Ninaamini kila mwenye gari angepaswa kuelezwa hivi kabla ya kuuziwa dawa yoyote.

Kipimo kilichofuata kilikuwa cha uvujaji. Alisimamisha nozeli zote zikiwa zimefungwa huku msukumo ukiendelea, tukakaa kuziangalia. Tatu zilibaki kavu. Kwenye ncha ya ile ya tatu tone lilijikusanya polepole, likaning'inia, likadondoka, na jingine likaanza. Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikataa kuwaka likiwa la moto: mafuta yaliendelea kudondoka kwenye manifodi baada ya injini kuzimwa, na nilipowasha upya silinda ile ilikuta petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Fundi aliniambia wazi kwamba wakati mwingine uvujaji husababishwa na uchafu unaozuia sindano inayofunga nozeli kukaa vizuri, na huo huisha kwa kusafishwa, lakini ikiwa kikalio cha sindano kimelika, hakuna usafi utakaokirudisha.

Aliziweka kwenye beseni la mawimbi ya sauti lenye maji ya dawa yaliyopashwa moto, akaziunganisha na umeme ili zifunguke na kufunga humo humo, dawa ipate kuingia mpaka ndani. Alizitoa baada ya kama nusu saa, akazisukuma kwa mkondo wa kinyume, akang'oa vichujio vidogo vilivyoko kwenye kichwa cha kila nozeli na kuvibadilisha pamoja na oringi zote, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji. Vichujio vya zamani alinipa mkononi. Kile cha nozeli ya tatu kilikuwa na uchafu wa kahawia ulioziba karibu nusu yake.

Vipimo vya pili vilikuwa 65, 66, 64 na 65, na nozeli zote zilipuliza ukungu wa umbo la koni. Mtu mwingine angezirudisha kwenye gari papo hapo, na mimi ningeondoka nikishukuru. Yeye alirudia kipimo cha uvujaji, na ya tatu ikadondosha tena, kwa kasi ndogo kuliko awali lakini bila shaka yoyote. Aliitoa kwenye mashine na kuiweka pembeni.

"Hii siirudishi," alisema. "Kupuliza inapuliza, lakini kufunga haifungi."

Hakutaka ninunue nne. Tuliagiza moja yenye namba ileile ya kiwanda, na ilipofika hakuifunga kwa kuamini tu kwamba ni mpya, bali aliipima pamoja na zile tatu; ikasoma 66 na kubaki kavu. Alipaka oringi mafuta safi ya injini ili zisichubuke, akafunga kila nozeli kwenye silinda yake, akarudisha msukumo wa mafuta na kumulika kila kiungio kwa tochi akitafuta unyevu kabla ya kuruhusu injini iwashwe.

Aliniomba niliendeshe gari kwa siku chache kisha nirudi kwake, kwa kuwa kompyuta huhitaji muda wa kujirekebisha na hakutaka kunikabidhi matokeo ambayo hayajatulia. Niliporudi tulizima injini ikiwa ya moto, tukasubiri robo saa, na ilipowashwa iliitika mara moja. Nyongeza ya mafuta ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 17 hadi 2. Aliiandika namba hiyo chini ya vipimo vingine kwenye karatasi, akanikabidhi karatasi pamoja na nozeli mbovu, kisha akanishauri nibadilishe chujio la mafuta kabla ya mwaka kwisha. Kazi hiyo, alisema, naweza kumpelekea fundi yeyote aliye karibu nami.